Kilomita 12 zilizokula saa saba nzima

Swali: Salaam mwalimu. Mimi na wenzangu watatu ni watu wa ofisini, tunaishi katika jiji kubwa, na hifadhi ya milima iko mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Jumamosi iliyopita tulikwenda kwa mara ya kwanza. Kibao cha getini kilisema njia ya kileleni ni kilomita 12 kwenda na kurudi, geti likiwa mita 1,000 na kilele mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mjini kilomita 12 nazitembea kwa saa mbili na nusu bila shida, kwa hiyo hatukuona haja ya kukimbizana: tulianza saa tano na nusu asubuhi. Tulitoka getini saa kumi na mbili na nusu jioni, giza limeshaingia, tukiwa na tochi moja, simu zote zimekwisha chaji, na mwenzetu mmoja anashuka kinyumenyume kwa maumivu ya magoti. Askari wa hifadhi alitufokea kama watoto. Tulikosea wapi? Na mwezi ujao tunaweza kwenda kilele kingine chenye njia ya kilomita 16 na kurudi siku hiyohiyo? Mwenzetu mmoja anasema viatu vya kukimbilia vinatosha, mwingine anataka tukodi mwongoza njia.

Jibu: Poleni na safari. Mlikosea mapema kuliko mnavyodhani: mbele ya kile kibao, mliposoma namba moja na kuziruka mbili. Mlichukua 12 mkaziacha 1,000 na 1,900. Mimi ningekuwa na haraka nikalazimika kusoma sehemu moja tu ya kibao, ningesoma hizo mbili.

Watu wengi hudhani njia ya mlimani huchosha kwa sababu ya kuinama kwake, yaani ukipanda unatembea umbali mrefu kuliko ule wa kwenye ramani. Chukua kalamu uhakikishe. Mlikwenda kilomita 6 kwa upande na mita 900 kwa juu. Ukipiga hesabu ya pembetatu uliyofundishwa shuleni, mteremko wenyewe unatoka kilomita 6 na mita 67 hivi. Mita 67! Huo ni umbali wa kuvuka uwanja wa mpira kwa upana wake. Umbali haukuongezeka. Kilichoongezeka ni kazi ya kunyanyua. Ghorofa moja ya jengo la kawaida ina kama mita 3, kwa hiyo mita 900 ni ghorofa 300. Mtu wa kilo 70 mwenye mkoba wa kilo 8 mgongoni amebeba kilo 78 kwa ngazi hadi ghorofa ya 300, na ngazi zenyewe ni mizizi, mawe na udongo unaoteleza. Ukiliona hivyo, hutashangaa tena kwamba saa mbili na nusu hazikutosha.

Kuna kanuni ya zamani ambayo bado naipenda kuliko programu nyingi za simu. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliandika makadirio ambayo kwa vipimo vyetu vya leo husemwa hivi: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 mnazopanda. Basi. Kwa safari yenu: kilomita 12 ni saa 2 na dakika 24, mita 900 ni saa 1 na dakika 30, jumla saa 3 na dakika 54.

Utasema, mbona sisi tulitumia saa saba? Kwa sababu Naismith alikuwa akizungumzia watu waliozoea, wanaotembea bila kusimama. Makadirio yake hayana picha za kileleni, hayana kufungua viatu kutoa kokoto, hayana yule mwenzenu aliyesahau chupa kwenye jiwe la mapumziko. Kwa kundi la wageni wa mlima mimi huzidisha jibu la Naismith mara moja na nusu, halafu naongeza saa moja ya mapumziko. Si sayansi, ni mazoea ya miaka ya kusubiri watu. Saa 3 na dakika 54 mara moja na nusu ni saa 5 na dakika 51. Ongeza saa moja, unapata saa 6 na dakika 51. Ninyi mlitumia saa 7. Yaani mlikwenda vilevile kama watu wa aina yenu wanavyokwenda, na hakuna cha kuonea aibu katika mwendo wenu. Mngeanza saa moja asubuhi, mngekuwa mnakunywa kitu cha moto getini saa nane mchana na usingeniandikia.

Tahadhari moja juu ya hesabu hiyo. Kutoa urefu wa geti kwenye urefu wa kilele hufaa tu kama njia inapanda moja kwa moja. Njia inayofuata mgongo wa mlima hupenda kupanda kijilima, kukishuka, kupanda kingine. Vijilima vitatu vya mita 80 kila kimoja vinakuongezea mita 240 ambazo kibao hakikuziandika, na kama unarudi kwa njia ileile, utazipanda tena wakati wa kurudi, mapaja yameshalegea. Ndiyo maana inafaa kujua kusoma ramani yenye mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye urefu uleule. Tafuta pembeni mwa ramani palipoandikwa tofauti ya urefu kati ya mstari na mstari, mara nyingi mita 20, kisha hesabu mistari yote njia inayoikata kwa kupanda. Mistari iliyobanana ni mahali pa kupumulia mdomo. Iliyoachana ni mahali pa kupiga soga.

Sasa magoti ya mwenzenu. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa watu wa mjini hufanya mazoezi ya kupanda na kusahau kwamba siku ya mlima ina nusu ya pili. Kileleni watu hukumbatiana kana kwamba kazi imekwisha, na kuanguka kwingi hutokea baada ya hapo, njiani kurudi. Ukipanda, misuli ya mbele ya mapaja hujikunja na kukusukuma juu. Ukishuka, misuli hiyohiyo hufanya kazi ya breki: inakaza huku inavutwa kurefuka. Kazi ya namna hiyo haichoshi mapafu, ndiyo maana mtu hujiona yuko salama, lakini huacha michubuko midogomidogo ndani ya nyuzi za msuli. Maumivu yake huja kesho, na hufika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Naamini Jumatatu mlishuka ngazi za ofisini mkishika ukuta. Msuli uliochoka hauzuii tena, mzigo unahamia kwenye goti, na hapo ndipo mtu huanza kushuka kinyumenyume.

Dawa yake iko jengoni mwenu: ngazi za kushuka. Panda kwa lifti kama unataka, ushuke kwa miguu, ghorofa kumi, kumi na tano, mara mbili kwa wiki. Msuli una kumbukumbu nzuri, maana ukishaonja kazi ya kushuka mara moja, mara ya pili unaumia kidogo sana, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Kwa hiyo yale mateso ya Jumamosi hayakupotea bure, mradi msikae miezi sita kabla ya kurudi. Mlimani kwenyewe, shukeni kwa hatua fupi, magoti yamelegezwa kidogo, mguu utue chini ya mwili wako. Usiutupe mbali mbele. Fimbo mbili za kutembelea hupunguza mzigo wa magoti kuliko dawa yoyote ya kupaka. Na kabla ya kuanza kushuka, simameni mkaze kamba za viatu pale juu ya unyayo ili vidole visigonge mbele ya kiatu. Kucha ziwe zimekatwa tangu juzi. Mambo madogo haya, lakini nimewaona wanaume wazima wakilia kwa kucha ya kidole gumba.

Hujaniambia mlivyotembea kama kundi, ila nina hakika naweza kuotea. Wawili wenye pumzi walitangulia, wakafika penye kivuli, wakakaa. Wawili wa nyuma walipofika wakihema, wale wa mbele wakasimama: "Haya, twendeni!" Matokeo yake mwenye nguvu alipumzika mara sita na mchovu hakupumzika hata mara moja. Mgeuze mpangilio. Mwenye mwendo wa pole akae wa pili kutoka mbele, na wa mbele aende kwa mwendo wa huyo. Kipimo cha mwendo ni mazungumzo: kama huwezi kumaliza sentensi bila kuhema katikati, mnakimbia. Simameni dakika tano kila baada ya saa moja. Mkikaa nusu saa nzima mwili unapoa, jasho linakuwa baridi mgongoni, na kuanza tena kunakuwa kama kuanza upya.

Baada ya kujua muda wa safari, lipo jambo ambalo nawaomba mlifanye nyumbani, usiku wa kabla ya safari, mkiwa mmeshiba na mna akili timamu: kuamua saa ya kugeuka. Ni saa ambayo ikifika, mnageuka, mmefika kileleni au hamjafika. Huhesabiwa kutoka mwisho kurudi nyuma. Jua kwenu, kwa maelezo yako, huzama kama saa kumi na mbili jioni. Toa saa mbili za akiba kwa kifundo kilichoteguka au njia iliyopotea. Kwa hiyo mnapaswa kuwa getini saa kumi. Kushuka huchukua kama asilimia 40 ya muda wote, kwenu ni kama saa 2 na dakika 45. Basi saa ya kugeuka ilikuwa saa saba na robo mchana. Mlipoanza saa tano na nusu, mlikuwa mmebakiza chini ya saa mbili za kupanda. Kwa lugha nyingine, siku hiyo kilele hakikuwa chenu tangu mlipotia mguu njiani, na kama mngekuwa na namba hiyo mfukoni mngetembea hadi katikati, mngekula, mngerudi mkicheka.

Iandike kwenye karatasi. Nasema hivi kwa sababu juu kule akili hubadilika. Nikiwa bado kijana katika kazi hii niliwapeleka watu sita kwenye kilele ambacho nilikijua vizuri, saa ya kugeuka ilifika tukiwa tunakiona, pengine mwendo wa dakika 20. Nilisema dakika 20 si kitu. Zikawa 45. Tulipofika juu ukungu ulipanda kutoka bondeni, na mgongo ule niliodhani naujua kama kiganja changu ukawa na migongo mitatu, yote inafanana. Tulishuka salama, baada ya kutembea saa nzima kwenye mgongo usio wetu. Hakuna aliyenilaumu, jambo ambalo liliniuma zaidi. Tangu siku hiyo, saa ya kugeuka namwambia kila mtu wa kundi, ili yeyote aweze kunishika mkono.

Milima iliyo karibu na miji mikubwa ina hila yake. Inaonekana kutoka dirishani, ina geti, ina maegesho, kwa hiyo mtu huichukulia kama bustani iliyoinuka kidogo. Table Mountain umesimama katikati ya Cape Town kwa urefu wa mita 1,086, na una gari la kamba linalopandisha watu tangu mwaka 1929. Watu hupanda kwa miguu wakiwa na fulana na maji kidogo, wakijua watashuka kwa gari la kamba. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma, wingu jeupe linautandika mlima kama kitambaa cha meza, ndivyo wenyeji wanavyoliita, na upepo ukizidi gari la kamba husimamishwa. Hapo mtu yuko juu, hana koti, haoni mbele, na mji wenye watu mamilioni uko chini ya miguu yake. Bukhansan, mlima ulio kwenye ukingo wa kaskazini wa jiji la Seoul, Korea Kusini, una kilele cha mita 836 tu. Unaweza kuona ni kadogo ukilinganisha na chenu cha 1,900. Lakini unaanzia karibu na usawa wa bahari, na sehemu ya juu ni mwamba mtupu wa matale ambako watu hupanda wakishika nyaya za chuma. Urefu wa kilele ni sifa ya mlima, na ninyi mnahusika na ule mnaoupanda wenyewe.

Utabiri wa hali ya hewa wa jiji ni wa jiji. Kwa wastani joto hupungua nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 mnazopanda, kwa hiyo kati ya geti lenu na kilele kuna tofauti ya karibu nyuzi 6 hata bila upepo. Mtu mwenye fulana ya pamba iliyolowa jasho, upepo ukimpata mgongoni mwa mlima, anaweza kutetemeka siku ambayo mjini watu wanatafuta feni, kwa kuwa nguo iliyolowa hufyonza joto la mwili haraka mno kuliko nguo kavu. Bebeni fulana ya kubadilisha kileleni na koti la mvua hata kama anga ni safi.

Radi ni sababu nyingine ya kuanza mapema. Asubuhi jua hupasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda, na mchana mawingu huwa yameshakuwa minara. Ukiona mmweko, anza kuhesabu: kila sekunde 3 kabla ya ngurumo ni kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kuwafikia. Tokeni kileleni na mgongoni mwa mlima, msikimbilie mti uliosimama peke yake, achaneni hatua kadhaa baina yenu, na msirudi juu mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kwa hili sina mzaha hata kidogo.

Vifaa, kwa kifupi, maana orodha ziko kila mahali. Kila mtu tochi yake, ya kichwani kama inawezekana. Tochi moja kwa watu wanne ni tochi ya mtu mmoja na watatu wanaojikwaa. Filimbi. Maji kiasi cha nusu lita kwa kila saa ya mwendo, zaidi kukiwa na joto, na chakula chenye chumvi, kwa sababu anayekunywa maji matupu kwa wingi siku nzima bila chumvi anaweza kuugua kichwa na kichefuchefu akadhani ni kiu. Bandeji na plasta za malengelenge. Simu nitaizungumzia peke yake: zilikwisha chaji kwa sababu mlimani mtandao ni hafifu na simu hutumia nguvu nyingi kuutafuta. Pakueni ramani nyumbani, kisha zimeni mtandao kabisa. Kipokezi cha setilaiti kinachoonyesha mahali ulipo hakihitaji mtandao wa simu. Mmoja wenu awe na betri ya akiba, na simu moja izimwe tangu getini ikae ndani ya mkoba.

Kuhusu viatu, nampa ushindi rafiki wa viatu vya kukimbilia, kwa masharti. Kwenye njia kavu iliyokanyagika, kiatu chepesi chenye meno ya kutosha chini ni kizuri kuliko buti zito. Tazama soli. Ikiwa laini kama ya kiatu cha mazoezi ya ndani, kiache. Njia ikiwa ya mawe yaliyolegea au matope, au mikoba ikiwa mizito, buti lina kazi yake. Na kiatu chochote kipya kitembelewe mjini wiki mbili kwanza.

Mnakwenda kwenye hifadhi, kwa hiyo kuna upande mwingine wa hesabu ambao hauhusu magoti yenu. Mmeona njia inavyopinda kulia na kushoto penye mteremko mkali? Kila wikendi kuna mtu anakata kona kwa kushuka moja kwa moja. Mguu wake unang'oa nyasi, mvua inayofuata inapata mfereji, na msimu mmoja baadaye pale pana korongo dogo na njia halali imeliwa. Vivyo hivyo kwenye matope: ukilikwepa dimbwi kwa pembeni, njia inakuwa pana, wa nyuma yako naye analikwepa kwa pembeni zaidi. Pita katikati, ulowe. Viatu hukauka.

Viatu hivyohivyo vinaweza pia kubeba kitu msichokiona. Waitākere Ranges, milima yenye misitu iliyo magharibi mwa jiji la Auckland, New Zealand, ina miti mikubwa iitwayo kauri, na miti hiyo inauawa na kijidudu kinachoishi ardhini na kuozesha mizizi. Punje ndogo ya udongo chini ya soli inatosha kukihamisha kutoka mti hadi mti. Mwaka 2018 sehemu ya msitu ilifungwa kwa watembeaji, na njia zilizofunguliwa baadaye zimewekewa mahali pa kusugua na kupuliza viatu dawa. Kwa hiyo mkikuta njia imefungwa kwa kibao, msidhani ni ukiritimba wa ofisi. Osheni viatu kabla ya kutoka nyumbani na baada ya kurudi. Hifadhi nyingine ni za ulinzi mkali kiasi kwamba mgeni haruhusiwi kabisa au lazima afuatane na askari, na hilo huulizwa kabla, kwa simu, si getini mkiwa mmeshalipia mafuta ya gari.

Ndipo tunafika kwa mwongoza njia. Kodini kama kanuni zinataka, kama njia haina alama, kama kuna wanyama wakubwa, au kama mnakwenda msimu wa ukungu. Kwa njia yenye alama wazi na hali ya hewa nzuri, watu wanne wenye ramani na saa ya kugeuka wanaweza peke yao. Ila kwa safari ya pili ningemchukua, na ningemlipa kwa jambo moja: anifundishe kusoma ardhi anayopita, aniambie kwa nini amesimama hapa na si pale. Mwongoza njia mzuri ni mwalimu wa bei nafuu.

Na ile njia ya kilomita 16? Hujaniambia inapanda mita ngapi, na hapo ndipo jibu lilipojificha. Tuseme 1,200. Naismith anakupa saa 3 na dakika 12 za njia, saa 2 za kupanda, jumla 5 na dakika 12. Mara moja na nusu ni saa 7 na dakika 48. Na mapumziko, karibu saa 9. Mkiwa getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mnatoka saa tisa na nusu alasiri, mkiwa na akiba ya saa mbili na nusu za mwanga. Saa ya kugeuka ni saa sita na nusu mchana. Inawezekana, lakini maana yake ni kuondoka mjini saa kumi na moja alfajiri, na kwanza muulize geti linafunguliwa saa ngapi, kwa sababu likifunguliwa saa mbili hesabu yote imekufa. Mimi ningewashauri msiende bado. Rudini kwanza mlima uleule wa Jumamosi, muanze saa moja asubuhi, muone muda wenu halisi. Mkitumia saa sita au pungufu, na magoti ya mwenzenu yakatulia siku ya pili, hiyo ya 16 ni yenu mwezi unaofuata. Kama kilele hicho kinapita mita 2,500 na ninyi mnatoka mji wa chini, ongezeni tahadhari ya maumivu ya kichwa na kichefuchefu cha urefu. Dawa yake ya uhakika ni kushuka.

Giza likiwakuta tena, kaeni pamoja na mtembee polepole kuliko mnavyoona ni lazima. Mkiona hamko tena kwenye njia, simameni. Msishuke kufuata sauti ya mto, mito ya milimani hupenda kuishia kwenye maporomoko. Vaeni kila nguo mliyonayo kabla hamjaanza kutetemeka, kisha pigeni filimbi mara sita ndani ya dakika moja, mtulie dakika moja, mrudie. Tochi hutumika kwa mtindo huohuo. Anayewajibu atapiga mara tatu. Namba ya dharura ya hifadhi iwe kwenye karatasi, si kwenye simu iliyokufa, na mtu mmoja mjini awe anajua mmeenda njia ipi na aombe msaada saa ngapi kama hamjaonekana.

Kuhusu askari aliyewafokea, mimi niko upande wake kidogo. Mlipoingia mliandika majina kwenye daftari la geti. Jua lilipozama, majina manne yalikuwa bado hayana saini ya kutoka, na yeye ndiye angeingia msituni usiku kuwatafuta, pengine na tochi moja kama ninyi. Mkirudi safari ijayo, msalimieni, mwambieni njia mnayokwenda na saa yenu ya kugeuka, na mkifika chini msaini kutoka kabla hamjavua viatu.